Muha, Kiha na Buha: Jina la Mtu, Jina la Lugha na Jina la Nchi

Utangulizi

Mfasiri akutanapo na maneno Gael na Gaelic katika matini ya Kiingereza hushawishika kuyatendea kama neno moja lenye sura mbili. Sivyo yalivyo. Gael ni mtu: ni mwenyeji wa Ayalandi, au wa nyanda za juu na visiwa vya magharibi vya Uskoti, aliye wa jamii hiyo kwa asili. Gaelic ni lugha yake, na pia ni sifa ya kila kitu kinachomhusu. Wenyewe wanayo maneno yao yaliyo wazi zaidi. Huko Uskoti mtu huitwa Gàidheal, lugha huitwa Gàidhlig, na eneo la wazungumzaji huitwa Gàidhealtachd.

Kwa Kiswahili tafsiri yaelekea kuwa rahisi. Viambishi vya ngeli vyatupatia Mgaeli, Wagaeli na Kigaeli bila taabu. Lakini urahisi huo una hatari yake. Kwa kuwa shina ni moja, huwa twadhani kwamba anayesema lugha ndiye mtu wa jina hilo, na kwamba mtu wa jina hilo ndiye mwenyeji wa nchi hiyo. Makala haya yanakusudia kuichunguza dhana hiyo kwa mfano ulio karibu nasi, yaani majina ya Waha wa nyanda za juu za Kigoma, na hasa wale wa Munanila na Manyovu, mpakani mwa Burundi. Huko kuchanganya jina la lugha na jina la mtu si kosa la kalamu tu. Laweza kumgharimu mtu haki yake.

Shina moja, majina kadhaa

Katika Kiha chenyewe mtu mmoja ni umuha, wengi ni abaha, lugha ni igiha, na nchi ni Buha. Kiswahili kimeyapokea majina hayo kwa viambishi vyake: Muha, Waha, Kiha. Ni Buha peke yake lililobaki na kiambishi cha kwao, na sababu yake tutaieleza baadaye.

Umbo igiha limewatatiza wengi. Msomaji hukuta katika orodha za lugha maneno Ha, Kiha na Giha, akadhani kuwa ni lugha tatu, ama angalau lahaja tatu. Ukweli ni kwamba Giha ni Kiha. Katika lugha kadhaa za Kibantu za eneo hili, sauti k ya kiambishi hugeuka kuwa g endapo silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Wanaisimu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Edmund Dahl aliyeichunguza katika Kinyamwezi. Ndiyo maana Mrundi husema ikirundi kwa k, kwa kuwa r ni ghuna, lakini husema igiswahili kwa g, kwa kuwa s si ghuna. Muha naye, kwa kanuni hiyo hiyo, husema igiha. Basi anayeandika "Kigiha" kwa Kiswahili ameweka kiambishi juu ya kiambishi, na anayeandika "lugha ya Ha" amekiondoa kile kilichohitajika. Kosa hili la pili limetokana na Kiingereza, ambacho hulivua jina la Kibantu kiambishi chake na kulitumia shina tupu kwa mtu, kwa lugha na kwa nchi pia. Mfasiri asiyekuwa mwangalifu hulirudisha shina hilo katika Kiswahili likiwa uchi vile vile.

Kuhusu mtu mmoja, wako waandikao Mha kwa kufuata Mhaya na Mhehe, na wako waandikao Muha. Umbo la kwanza lafuata mkondo wa Kiswahili. La pili ndilo lililozoeleka zaidi, nalo lalingana na matamshi ya wenyeji. Katika makala haya tunatumia Muha, bila ya kulihukumu lile jingine. Lisilofaa ni kuyachanganya yote mawili katika waraka mmoja.

Kutoka Uha hadi Buha

Watu wa pwani waliokwenda bara na misafara walikuwa na kiambishi chao cha nchi, nacho ni u-: Unyamwezi, Usukuma, Ugogo, Urundi. Wasafiri wa Ulaya walioongozwa nao waliyachukua majina kwa sura hiyo. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliwaeleza wasomaji wake jinsi kiambishi kimoja kilivyotaja nchi, kingine mtu, kingine watu, na kingine lugha. Henry Stanley alipoipita nchi ya Waha mwaka 1871, akitozwa hongo hata akaamua kusafiri usiku kwa siri, aliandika jina lake kwa u- ya pwani. Uha basi ni jina la Kiswahili cha misafara; Buha ni jina la wenyewe. Viambishi hivi viwili, u- na bu-, ni vya asili moja. Tofauti ni kwamba Kiswahili kiliidondosha b, lugha za maziwa makuu zikaihifadhi.

Tofauti hiyo ndogo imezaa mambo makubwa kwingineko. Uganda ni umbo la Kiswahili la jina Buganda. Baada ya Waingereza kutangaza himaya yao mwaka 1894, Uganda likawa jina la nchi nzima yenye makabila mengi, na Buganda likabaki kuwa jina la ufalme mmoja ndani yake. Hata leo neno Mganda katika Kiswahili lina utata: je, ni raia wa Uganda, ama ni mtu wa Buganda, ambaye kwao huitwa Muganda na lugha yake Luganda? Kwa upande mwingine, Urundi ya wakoloni ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ilijirudishia jina la Burundi, nasi tukalifuata. Mtu na lugha hatukuwabadili: ni Mrundi na Kirundi mpaka leo.

Kwa Buha hali ilikuwa tofauti na zote mbili. Buha haikuwa ufalme mmoja. Palikuwa na watawala kadhaa, miongoni mwao wa Heru, wa Muhambwe na wa Buyungu, kila mmoja akiwa na nchi yake. Mtawala wa Heru aliitwa mwami, cheo kile kile cha Burundi, lakini cheo kimoja hakikufanya dola moja. Majina hayo hayajafa: Heru Juu ni mahali katika Kasulu, Muhambwe ni jimbo la uchaguzi katika Kibondo, na Buyungu lilikuwa jimbo katika Kakonko, wilaya iliyotokana na Kibondo mwaka 2012. Mwaka huo huo Munanila, iliyokuwa chini ya Kasulu, iliingia katika wilaya mpya ya Buhigwe. Kwa hiyo atafsiriye Buha kwa "ufalme wa Waha" amekosea historia. Buha ni nchi ya watu wenye lugha na desturi za karibu, waliokuwa chini ya tawala mbalimbali.

Lugha moja, mpaka katikati

Malcolm Guthrie alipoziainisha lugha za Kibantu mwaka 1948, aliziweka pamoja katika kundi la D60 Kinyarwanda, Kirundi, Kisubi, Kihangaza, Kiha na Kivinza, pamoja na nyingine. Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Mkulima wa Munanila na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka huelewana bila mkalimani, na kadiri mtu anavyokwenda mashariki na kaskazini, kuelekea Kasulu mjini na Kibondo, tofauti huongezeka kidogo kidogo. Lugha haikatiki ghafula mahali popote. Kinachokatika ni jina lake.

Tena jina hilo lilikatwa na mkono wa siasa. Wakati wa Wajerumani, Urundi na Uha zote zilikuwa ndani ya koloni moja. Wabelgiji waliziteka mwaka 1916. Baada ya vita Urundi ilibaki kwao, na nchi ya Kigoma ikakabidhiwa kwa Waingereza mwaka 1921. Tangu hapo mpaka uliokuwa wa watawala wa jadi ukawa mpaka wa dola, na maneno Kiha na Kirundi yakaanza kubeba maana ambayo hayakuwa nayo: yakadhaniwa kuwa alama za uraia.

Hapa ndipo tofauti ya istilahi inapokuwa jambo la haki. Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi wa Burundi tangu mwaka 1972, tena kwa wingi baada ya 1993 na baada ya 2015. Mtumishi aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, asiyejua Kiha, akimsikia mzee wa Munanila akisema lugha yake, anaweza kuandika "Mrundi" katika fomu kwa nia njema kabisa. Neno hilo moja limejibu maswali matatu kwa pamoja: mzee huyu anasema lugha gani, ni wa kabila gani, na ni raia wa nchi gani. Huenda yote matatu yamejibiwa kwa makosa. Fomu hiyo ikishafika katika jalada, si rahisi kuiondoa.

Kosa laweza kwenda kinyume pia. Zaidi ya watu 160,000 waliotokana na wakimbizi wa mwaka 1972, wakazi wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikubaliwa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Wengi wao husema Kirundi nyumbani. Hao ni Watanzania wasemao Kirundi, na hakuna mgongano wowote katika maelezo hayo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimnyimi mtu uraia kwa sababu ya lugha ya nyumbani kwake. Inachokitaka kwa mgeni aombaye uraia ni ujuzi wa Kiswahili au Kiingereza, yaani lugha ambayo mtu yeyote aweza kujifunza.

Funzo la Mswahili

Jambo hili sisi wenyewe tunalijua kwa lugha yetu. Jina Kiswahili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, na Mswahili kwa asili ni mtu wa pwani. Leo wasemaji wa Kiswahili ni mamilioni kwa mamilioni, lakini Msukuma, Mkikuyu au Mluba akisema Kiswahili hageuki kuwa Mswahili kwa sababu hiyo. Tunamwita mzungumzaji wa Kiswahili, nasi hatuoni ajabu. Waairishi nao walihitaji neno kama hilo: msemaji wa lugha yao, hasa aliyejifunza kwa hiari, humwita Gaeilgeoir. Douglas Hyde, mmoja wa waanzilishi wa chama cha kuihuisha lugha hiyo mwaka 1893, alizaliwa katika nyumba ya wasemaji wa Kiingereza na kujifunza lugha ile kwa majirani. Mwaka 1938 akawa rais wa kwanza wa nchi yake. Lugha ilikuwa yake kwa kujifunza, wala hakuna aliyemtaka athibitishe nasaba.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Jina la mtu liandikwe kwa kiambishi cha mtu, na la lugha kwa ki-: Muha, Waha, Kiha, Mgaeli, Wagaeli, Kigaeli. Shina tupu lisitumike. Badala ya "kabila la Ha" iandikwe "kabila la Waha".

2. Giha lihesabiwe kuwa ni jina la wenyeji la Kiha, wala lisiandikwe kama lugha nyingine. "Kigiha" liepukwe.

3. Buha litumike kwa nchi ya Waha. Uha lihifadhiwe pale tu matini ya kale inaponukuliwa.

4. Asemaye lugha aitwe mzungumzaji au msemaji wa lugha hiyo, isipokuwa pale kabila lake linapojulikana kutoka kwake mwenyewe.

5. Uraia utajwe kwa maneno yake kamili: raia wa Burundi, raia wa Uganda, raia wa Tanzania. Maneno Mrundi na Mganda peke yake hayatoshi katika waraka wa serikali.

Pendekezo la tano ndilo lenye uzito kuliko yote. Kiswahili kimetupatia viambishi vinavyotenga mtu, lugha na nchi kwa silabi moja tu, lakini hakikutupatia kiambishi cha uraia. Pale ambapo kiambishi hakipo, hapana budi tuandike neno zima.