Suria, Mahari na Kiingereza cha Zamani

Hapa kwetu Mtoni, ufukweni, yapo magofu ya jumba la Sayyid Said. Ndipo alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria, si mke wa ndoa, lakini baba alipofariki mwaka 1856 Salme alirithi kama dada zake, kwani mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru na ni mrithi.

Tunalileta hili kwa sababu ya posa. Sisi tunaowashonea mabibi harusi tunayasikia: "Bibi yake alikuwa suria," watu wananong'ona kana kwamba ni aibu. Anayetaka kujua ukweli ataishia kwenye karatasi za Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya himaya yao mwaka 1890. Nyingi zipo kwenye Nyaraka, Kilimani. Nyengine zipo Kew, London. Huko, za kabla ya 1913 zitafutwe chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, na za baadaye chini ya Wizara ya Makoloni.

Kuzipata si kazi kubwa kama kuzielewa. Tazameni amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyofuta utumwa kisheria. Masuria waliachwa nje. Walihesabiwa watu wa nyumbani sawa na wake, na aliyetaka kuondoka alitakiwa athibitishe mahakamani kuwa anatendewa ukatili. Kiingereza cha amri kinawaita "inmates". Leo tunalijua neno hilo kwa wafungwa, lakini wakati ule lilikuwa na maana ya mkaazi tu. (Ingawa kwa asiyeweza kutoka bila ya kesi, tofauti ilikuwa ndogo!) Mpaka mwaka 1909 ndipo sheria ilipowafikia na wao.

Na wewe bibi harusi, liangalie neno "dower". Kwenye kesi za Waislamu lina maana ya mahari. Ukikuta mjane anadai "dower" kwenye mirathi, anadai mahari ambayo marehemu hakuimaliza, na hilo ni deni linalolipwa kabla ya warithi kugawana. Ukilisoma kama "dowry", utadhani anadai vitu alivyokuja navyo kutoka kwao.