Land Rover za Zamani: Habari za Kutunzwa na Kugeuzwa Kwake

Tarehe 30 Aprili, 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilitoa hadharani gari dogo la rangi ya kijani, bei yake pauni 450. Wenyewe walioliunda hawakulitazamia maisha marefu. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na huko alikuwa akitumia Jeep kuukuu iliyobaki baada ya vita. Yeye alitaka chombo cha kushika mahali pa Jeep ile. Kampuni nayo ilitaka kitu cha kuuza nchi za ng'ambo mpaka biashara yake ya magari ya starehe itakaporudia hali yake. Ilikuwa mtumbwi wa kuvukia tu. Mtumbwi huo ulikoma kuundwa katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari, 2016, umri wake ukikaribia miaka 68.

Siku hizo za mwanzo chuma kilikuwa haba katika Uingereza, na serikali ilikigawa kwa kipimo, ikiwapendelea wenye kuuza nje. Aluminiamu ilipatikana kwa wepesi zaidi, maana viwanda vya ndege vilikuwa vimepungukiwa na kazi tangu vita kwisha. Basi mwili wa gari ukafanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu uitwao Birmabright, bati zake zikakunjwa kwa njia nyepesi na kufungwa kwa nati na ribiti. Fremu ya chini ilikuwa ya chuma, lakini haikupigwa kwa mashine kubwa, kwani mashine hizo ni ghali. Yalichukuliwa mabamba manne yakachomelewa ubavu kwa ubavu hata yakawa kama sanduku refu. Katika mambo hayo mawili ndimo ilimo asili ya yote yaliyofuata. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, kwa hiyo mwili hudumu. Fremu, kwa kuwa ina uwazi ndani, huhifadhi maji na tope, ikaoza kutoka ndani kuja nje, na mwenye gari asijue lolote mpaka siku bisibisi itakapopenya. Tena metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa ikageuka unga mweupe. Walakini kila kipande kilichofungwa kwa nati chaweza kufunguliwa, na mtu mwenye spana chache na subira nyingi aweza kulitenga gari zima katika ua wa nyumba yake na kuliunganisha tena. Magari mengi ya rika lile hayakumpa mwenyewe nafasi hiyo.

Gari la abiria, lenye mwili uliofunikwa na viti vya nyuma, lilitokea mwaka ule ule wa 1948. Mwili wake ulijengwa na mafundi wa Tickford juu ya mifupa ya mbao, nalo lilichukua watu saba. Lilikuwa zuri, na uzuri huo ndio uliolidhuru: serikali ya Uingereza ililihesabu kuwa gari la starehe, ikalitoza kodi ya ununuzi ambayo gari la shamba halikutozwa. Hayakutimia 700 yaliyoundwa kabla ya kuachwa, na leo yaliyosalia ni machache sana, kwa maana mbao zake zilioza upesi kuliko hata fremu. Kampuni ilizingatia somo hilo. Gari la abiria la mwaka 1954, lenye inchi 86 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, halikuwa na mbao tena. Baadaye likaja refu la inchi 107 lenye milango mitano, na baada yake lile la inchi 109, ambalo katika Afrika ya Mashariki namba yake imekuwa kama jina lake. Juu yake liliwekwa paa la pili lililoinuliwa kidogo, ili hewa ipite katikati na kupunguza joto la jua. Ama habari ya kodi, ilitafutiwa hila ya kisheria. Gari la abiria 12 lilihesabiwa kuwa basi, na basi halikutozwa kodi ile. Ndiyo sababu magari mengi ya inchi 109 yalifungwa viti 12, ijapokuwa watu wazima 12 wakikaa humo huwa wamebanana magoti kwa magoti.

Kazi ya kuyatunza magari haya kwa mapenzi, si kwa riziki, ilistawi kwanza huko huko Uingereza, wakulima na majeshi walipoyauza ya zamani kwa bei ndogo. Kijana asiye na fedha aliweza kununua gari lililochoka, na siku zake za mapumziko akazitumia chini yake. Toka hapo vikatokea vyama vya wapenzi, kimoja kikishughulikia aina ya kwanza peke yake, vingine vikikusanya watu wa wilaya moja. Utani wao mashuhuri ni kwamba Land Rover isiyovuja oili haina oili ndani yake. Utani huo una ukweli, na kazi nyingi za wapenzi hao huanzia katika sili za oili.

Mapema sana watu hawa waligawanyika katika madhehebu mawili. Wa kwanza hutaka gari lirudishwe kama lilivyotoka kiwandani, hata vichwa vya nati viwe vya namna ile ile. Wa pili husema gari hili liliundwa kufanya kazi, na kazi ikibadilika nalo libadilike. Hoja za wa pili si dhaifu. Breki za ngoma za Land Rover ya zamani hazikukusudiwa mwendo wa barabara kuu za leo. Vyuma vya kuzungusha magurudumu, vilivyomo ndani ya ekseli ya nyuma, vilijulikana kwa kuvunjika chini ya mzigo mzito, na madereva wa safari ndefu walikuwa na desturi ya kuchukua vya akiba; mwaka 1972 kampuni yenyewe iliyapa magari marefu ekseli nyingine iliyo nene zaidi, iitwayo Salisbury. Mtu afungapo ekseli hiyo katika gari la mwaka 1965 hafanyi ila lile lililofanywa na waundaji walipopata akili. Vivyo hivyo springi: zile za bamba nyingi zilizosuguana huondolewa, zikawekwa za bamba chache zilizo nene katikati na nyembamba ncha zake, na gari likawa jepesi kwa mgongo wa abiria.

Walakini si kila geuzo ni faida. Vifungio vya kuyaachia magurudumu ya mbele yazunguke pasipo kuzungusha ekseli vilipendwa sana kwa kuwa vyasemwa kupunguza matumizi ya petroli. Mwenye kuvifunga akiviacha vimefunguliwa miezi mingi, oili haitupwi tena juu hadi kwenye beringi ya fundo la usukani, nayo huharibika kwa ukavu. Kilichookolewa katika petroli hulipwa katika beringi.

Jambo kubwa kuliko yote ni injini. Ile ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza mwaka 1958, ni ngumu na ya utulivu, lakini hunywa. Huko Australia watu walifunga injini za Holden. Wengine walitia dizeli ya Perkins. Mwaka 1989 Land Rover ilitoa gari jipya, Discovery, na pamoja nalo injini ya dizeli yenye nguvu kuliko zile za kwanza. Mwili wa Discovery ulikuwa na chuma kingi nacho kilishika kutu upesi, hata kabla injini haijazeeka gari lilikuwa limekwisha. Wapenzi wa magari ya zamani walizinunua zilizokufa, wakatoa injini na kuzitia katika magari ya miaka ya 1960. Mtoto alikufa kabla ya baba, baba akapewa moyo wake.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wapenzi hawa hawajalimaliza, nalo si la maneno matupu. Gari lililobadilishwa fremu, injini, ekseli na nusu ya mwili, je, ni lile lile? Idara ya magari ya Uingereza ilihitaji jibu, kwa kuwa gari lililopita miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya alama: fremu ya asili, au mpya iliyo ya namna ile ile, alama 5, springi, ekseli, gia na usukani alama 2 kila kimoja, injini alama 1 tu. Gari lililopata 8 lilibaki na namba yake. Lililopungukiwa, au ambalo fremu yake ilikatwa na kugeuzwa, liliweza kunyang'anywa namba na umri wake na kupewa namba ya herufi Q, yaani gari lisilojulikana asili yake. Mtu aliyefupisha fremu ya inchi 109 ili gari lipande mawe vizuri aliweza kujikuta ana gari lisilo na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 2025 kanuni hizo zililegezwa, lakini kwa muda wote huo ndizo zilizowafanya watu wengi kununua fremu mpya iliyochovywa zinki, iliyo sawa kabisa na ya kwanza, na kuitunza risiti yake kama hati ya nyumba.

Mfano ulio bora wa swali hili ni gari liitwalo Oxford. Mwezi Septemba 1955 vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili za abiria za inchi 86, wakafika Singapore mwezi Machi 1956. Mmoja wao, Tim Slessor, aliandika kitabu cha safari hiyo. Baadaye gari la Cambridge lilianguka bondeni likapotea. Oxford lilifika kisiwa cha Ascension, kisha Saint Helena, likaachwa huko likaharibika miaka mingi, mpaka liliporudishwa Uingereza mwaka 2017. Aliyelipata angeweza kulipaka rangi na kulifanya jipya. Badala yake lilitengenezwa liweze kwenda, na sura yake ya uzee ikaachwa ionekane. Mwezi Agosti 2019 lilianza safari kutoka Singapore, likafika London mwezi Desemba. Slessor, aliyekuwa na umri wa miaka 87, aliugua kabla ya kuanza, na mjukuu wake akashika nafasi yake. Wale wa madhehebu ya kwanza waweza kusema kwamba vipande vingi vya gari hilo si vile vilivyovuka mwaka 1955. Lakini ni vigumu kuona ni gari gani jingine lingeweza kuirudia njia ile kwa jina lile.

Kampuni yenyewe iliingia katika biashara hiyo... la, si kwa kutunza, bali kwa kuunganisha magari mapya katika nchi nyingine. Kazi ya kuunganisha Land Rover ilifanyika hata Thika, Kenya, tokea miaka ya 1970. Kutunza ya zamani ilikuja kukuona kuwa na faida baadaye sana: mwaka 2016, mwaka ule ule kiwanda kilipoacha kuziunda, ilitangaza kwamba itatengeneza upya magari 25 ya aina ya kwanza na kuyauza.

Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kinyume cha hayo. Land Rover iliingia kama gari la serikali, la polisi, la mashamba na la askari wa wanyama. Wasomaji wa habari za George na Joy Adamson na simba wao Elsa wamezoea picha ya simba aliyelala juu ya paa lake. Baadaye Toyota Land Cruiser ilitwaa nafasi hiyo katika ofisi nyingi, na za zamani zikashuka mikononi mwa watu binafsi. Huku aliyeligeuza gari hakufanya hivyo kwa kujifurahisha. Alitia injini ya Toyota, ya Isuzu au ya Nissan kwa sababu vipuri vyake vilipatikana dukani, na gari lilitakiwa liende mnadani kesho yake. Fundi wa gereji ya chini ya mti, aliyepima na kukata vyuma vya kushikia injini bila mchoro, alikuwa akifanya kazi ile ile ambayo mwenziwe wa Yorkshire aliifanya siku ya Jumapili, ila yeye hakuwa na nafasi ya kukosea. Nyanda za juu zilizo kavu zimezisaidia fremu nyingi kuishi. Pwani, chumvi ya bahari hufanya kazi inayofanywa Ulaya na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa barafu.

Burudani nayo imefika. Nchini Kenya mashindano ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za uzio wa misitu ya Aberdare, ambao ulikamilika mwaka 2009, urefu wake karibu kilomita 400. Washindani hupewa saa 10 kufikia vituo 13 porini, na mshindi si aliye mbio bali aliyekwenda umbali mfupi kuliko wote. Kwa hiyo magari yake, zikiwamo Land Rover, yamegeuzwa kiasi ambacho kiwanda kisingeyatambua. Na mwezi Oktoba 2024 Land Rover nyingi sana ziliandamana mjini Arusha, waandalizi wakitaka kuipita rekodi ya dunia iliyokuwa ikishikwa na Ujerumani. Katika msururu huo zilikuwamo zilizong'arishwa kwa ajili ya siku hiyo, na zilikuwamo nyingine zilizokatiza kazi ya kubeba abiria na mizigo, zikairudia maandamano yalipokwisha.