Waliotengeneza Munyurangabo: Waigizaji na Wafanyakazi wa Filamu ya Kwanza ya Kubuni kwa Kinyarwanda

Ikisiri

Historia ya filamu katika eneo la Maziwa Makuu imezoea kuandikwa kwa majina ya waongozaji. Makala haya yanaichunguza filamu moja ndogo ya kujitegemea, Munyurangabo (2007), iliyopigwa nchini Rwanda kwa siku 11, kwa kuwatazama watu walioshiriki kuitengeneza: mwongozaji mgeni, wanafunzi waliokuwa wafanyakazi wake, vijana ambao hawakuwahi kuigiza, na mshairi mmoja. Hoja kuu ni kwamba katika filamu ya aina hii utunzi hauko mikononi mwa mtu mmoja. Mgeni alishika kamera na uhariri, ilhali wenyeji walishika maneno. Mwanahistoria asipoutenganisha ushiriki huo wa pande mbili, huandika nusu ya historia na kuiita nzima.

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei mwaka 2007, katika tamasha la 60 la filamu la Cannes nchini Ufaransa, ilioneshwa filamu ambayo wahusika wake walizungumza Kinyarwanda. Ilikuwa katika kitengo cha Un Certain Regard, na inatambuliwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kubuni katika lugha hiyo. Mwongozaji wake, Lee Isaac Chung, ni Mmarekani mwenye asili ya Korea, aliyezaliwa mwaka 1978 na kukulia katika maeneo ya mashambani ya jimbo la Arkansas. Kinyarwanda hakukijua. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya: filamu iliyosemwa yote kwa lugha asiyoijua mwongozaji wake ni kazi ya nani?

Swali hili lina uzito kwa wanazuoni wa Kiswahili pia. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo wa 2007, Rwanda ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na miaka kumi baadaye, mwaka 2017, bunge lake likapitisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Sanaa za nchi hiyo sasa ni sehemu ya urithi wa jumuiya, na namna ya kuziandikia historia ni suala la wote.

2.0 Filamu Zilizotangulia

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, simulizi za Rwanda zilifika kwenye skrini za ulimwengu kwa njia ya wageni. 100 Days (2001) iliongozwa na Mwingereza Nick Hughes, ingawa mtayarishaji wake alikuwa Mnyarwanda Eric Kabera, mtu aliyekuwa nguzo ya uanzishaji wa taasisi za filamu jijini Kigali. Hotel Rwanda (2004) ilipigwa kwa sehemu kubwa nchini Afrika Kusini, na wahusika wake wakuu wakazungumza Kiingereza. Sometimes in April (2005) ya Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti, na Shooting Dogs ya mwaka huohuo zilipigwa Rwanda kwenyewe. Hii ya pili iliwashirikisha manusura miongoni mwa wafanyakazi wake.

Filamu hizo zilikuwa na jambo moja la pamoja: zilirudi katika siku mia za mauaji na kuzionesha kwa mtazamaji wa mbali. Munyurangabo haikurudi huko. Iliuliza watu waliokuwa watoto mwaka 1994 wanaishije pamoja baada ya zaidi ya miaka kumi. Mabadiliko hayo ya wakati wa kisa hayakutokana na nadharia. Chanzo chake kilikuwa watu waliopatikana kuitengeneza filamu.

3.0 Darasa Lililogeuka Kikosi cha Filamu

Mwaka 2006 Chung alikwenda Rwanda akifuatana na mkewe, mtaalamu wa tiba kwa njia ya sanaa, aliyekuwa amejitolea kufanya kazi na watu walioathiriwa na mauaji ya kimbari. Yeye naye akajitolea kufundisha utengenezaji wa filamu katika kituo kimoja cha misaada jijini Kigali. Filamu ilizaliwa kutokana na darasa hilo. Wanafunzi walihitaji mazoezi ya vitendo, na hakuna zoezi linalozidi kupiga filamu yenyewe.

Pamoja na rafiki yake Samuel Gray Anderson, Chung aliandaa muhtasari wa kurasa tisa. Haukuwa muswada kamili, kwa kuwa mazungumzo ya wahusika hayakuandikwa. Chung mwenyewe alikuwa mpigapicha na baadaye mhariri. Anderson alikuwa mwandishi mwenza. Jenny Lund alishiriki katika utayarishaji. Na wanafunzi wa Kinyarwanda wakawa wafanyakazi. Picha zilipigwa kwa utepe wa Super 16, si kwa kamera ya kidijitali, kwa siku 11 tu.

Uhaba huo ulikuwa na matokeo katika mtindo. Utepe ni ghali, na siku 11 hazitoshi kurudia onyesho mara nyingi. Kikosi kidogo kisicho na mitambo mizito kinalazimika kukaa mahali pamoja na kutazama. Ndiyo maana filamu ina picha ndefu tulivu: kijana akisiriba ukuta kwa udongo, baba na mwana wakilima, watu wamekaa uani bila kusema neno. Mhakiki anaweza kuuita mtindo huo chaguo la kisanaa, na hatakuwa amekosea. Hata hivyo, historia ya uzalishaji inaonesha kwamba chaguo hilo lilitokana pia na mfuko mdogo, muda mfupi na mikono iliyokuwa bado inajifunza kazi.

4.0 Waigizaji na Mamlaka ya Maneno

Waigizaji hawakuwa wa taaluma hiyo. Kwa kuwatafuta, mwongozaji alipitia vituo vya kulelea yatima. Jeff Rutagengwa aliigiza nafasi ya Munyurangabo, anayeitwa Ngabo kwa kifupi, na Eric Ndorunkundiye akaigiza nafasi ya rafiki yake Sangwa. Jean Marie Vianney Nkurikiyinka na Narcicia Nyirabucyeye waliigiza wazazi wa Sangwa.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ngabo anaiba panga sokoni Kigali. Yeye na Sangwa wanafunga safari kwenda kumtafuta mtu aliyemuua baba yake Ngabo. Njiani wanapita kijijini kwa akina Sangwa, ambako kijana huyo hajaonekana kwa miaka mitatu. Waliokusudia kupita tu wanakaa siku kadhaa. Sangwa anaanza kuonja tena utamu wa kuwa mtoto wa nyumbani, huku Ngabo akibaki nje ya mapenzi hayo. Baba mwenye nyumba anapotambua kwamba mgeni ni Mtutsi, anamkumbusha mwanawe kwamba watu hao ni maadui. Urafiki wa vijana unavunjika, na Ngabo anaendelea na safari peke yake.

Majina na vitu katika kisa hiki vina maana ambayo msikilizaji wa Kiswahili huipata kwa urahisi. Munyurangabo ni jina la shujaa wa masimulizi ya Rwanda. Ndani yake mna neno ingabo, lenye maana ya ngao na pia ya jeshi, na ambalo ni ndugu wa neno ngao la Kiswahili. Panga nalo huitwa umupanga, neno lililoingia Kinyarwanda kutoka Kiswahili. Hivyo kijana mwenye jina la ngao anatembea na panga begani, na filamu nzima inauliza atakuwa kipi kati ya hivyo viwili.

Kwa kuwa mazungumzo hayakuandikwa, waigizaji waliyatunga papo kwa papo kwa kufuata muhtasari. Namna baba anavyomkaripia mwanawe aliyepotea, namna mama anavyompokea bila maswali, namna chuki inavyosemwa kwa sauti ya kawaida kana kwamba ni ushauri wa mzazi: hayo yote yalitoka katika midomo ya watu walioyajua kwa kuyaishi. Mwongozaji aliyategemea masikio ya wengine ili ajue kama onyesho limefaulu.

Hata hivyo, katika orodha ya majina uandishi umetajwa kuwa wa Chung na Anderson. Kwa desturi za tasnia hapana kosa, kwani mwandishi ni yule aliyepanga kisa. Lakini desturi hizo ziliwekwa kwa ajili ya filamu zenye muswada kamili. Zinapotumika kwa filamu ya kurasa tisa, sehemu kubwa ya maneno yanayosikika hubaki bila mwandishi. Mwanahistoria wa fasihi simulizi anaifahamu hali hii vyema: fanani hutajwa kama mtoa habari, na aliyerekodi ndiye huonekana kwenye jalada.

5.0 Mshairi Mbele ya Kamera

Ushahidi ulio wazi zaidi wa utunzi wa wenyeji uko karibu na mwisho. Ngabo, akiwa peke yake, anakutana na kijana mmoja mshairi katika mgahawa mdogo. Kijana huyo anageukia kamera na kulighani shairi lake kuhusu ukombozi, kwa dakika kadhaa, bila picha kukatwa. Shairi linauona ukombozi kuwa safari ambayo haijafika mwisho, na linahusiana na sikukuu ya ukombozi ya tarehe 4 Julai.

Mshairi huyo, aliyeorodheshwa kwa jina la Edouard B. Uwayo, hakupewa maneno ya kusema. Shairi lilikuwa lake. Kwa dakika hizo mpangilio wa kawaida wa filamu unageuka: mgeni ananyamaza na kushikilia kamera, mwenyeji anauhutubia ulimwengu. Baadaye mshairi huyohuyo, akijulikana zaidi kwa jina la Edouard Bamporiki, aliingia bungeni mwaka 2013, na mwaka 2019 akateuliwa kuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia utamaduni.

Baada ya shairi, Ngabo anaifikia nyumba aliyoikusudia. Anamkuta muuaji wa baba yake amelala hoi kwa UKIMWI, akiomba maji. Panga lililobebwa safari nzima halina kazi tena. Kijana anakwenda kumtafutia maji.

6.0 Baada ya Filamu

Mwaka 2007 Munyurangabo ilipata tuzo kuu ya majaji katika tamasha la AFI Fest nchini Marekani. Chung aliendelea na kazi yake hadi kutengeneza Minari (2020), filamu ambayo mazungumzo yake mengi ni ya Kikorea na ambayo ilimpa mwigizaji Youn Yuh-jung tuzo ya Oscar. Yafaa ikumbukwe kwamba aliyewaachia Wanyarwanda waseme lugha ya nyumbani kwao ndiye baadaye aliyerudi katika lugha ya nyumbani kwake mwenyewe.

Nchini Rwanda, tawi la kampuni yake, Almond Tree Rwanda, liliwalea vijana watengenezaji wa filamu fupi zilizosafiri katika matamasha ya kimataifa. Mwaka 2011, Kivu Ruhorahoza, Mnyarwanda, aliifikisha filamu yake ndefu Matière grise katika tamasha la Tribeca jijini New York. Isidaiwe kwamba filamu moja ilizaa nyingine. Juhudi za Kabera na wenzake zilikwishaanza kabla. Linaloweza kusemwa ni kwamba ndani ya muda mfupi, Mnyarwanda alihama kutoka kuwa mada ya filamu na kuwa mfanyakazi, mwigizaji, kisha mwongozaji wake.

7.0 Hitimisho

Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo unaifaa Munyurangabo, mradi usomwe pande zote mbili, kwa kuwa mgeni naye aliponea kwa wenyeji: bila wanafunzi asingekuwa na kikosi, bila waigizaji asingekuwa na neno hata moja. Wakati huohuo, uamuzi wa picha ipi ibaki na ipi ikatwe ulibaki kwake. Kuyasema yote mawili si kumshusha mtu wala kumkweza mwingine; ni kuweka hesabu sawa.

Kwa hiyo, utafiti wa filamu ndogo za Afrika Mashariki unapaswa kuanzia kwenye orodha ya majina na kwenda mbali zaidi yake, kwa kuuliza nani aliandika, nani alisema, nani alitafsiri na nani alibeba taa. Wengi wa watu hao wangali hai na wanaweza kuhojiwa leo. Kikosi cha siku 11 kikishatawanyika bila kuulizwa, historia yake haitaandikwa upya kutokana na utepe peke yake.