Hadaa si Udukuzi

Kitenzi dukua, ambacho maana yake ya awali ni kusikiliza kwa siri mazungumzo ya wengine, siku hizi hubebeshwa kila uvamizi wa kompyuta, hata ule ambao, kama ilivyotokea mara nyingi wakati wa janga la UVIKO-19, haukuanza kwa kuvunja mtambo wowote. Julai 2020, waliovamia Twitter waliwapigia simu wafanyakazi waliokuwa wakifanyia kazi majumbani, wakajifanya mafundi wa kampuni wanaoshughulikia hitilafu ya mtandao, hitilafu ambayo majuma hayo ilikuwa kero ya kawaida, kisha wakawaelekeza kwenye tovuti bandia iliyofanana na ya kampuni, ambamo baadhi yao waliandika nywila, yaani neno la siri, kwa mikono yao wenyewe. Akaunti 130 zililengwa, ya Barack Obama ikiwamo. Jina stahiki la tendo hilo ni hadaa, neno lenye asili ya Kiarabu linalomaanisha kumpotosha mtu kwa sura ya kuaminika. Kauli yake ya kutendeka, hadaika, ina uungwana usiopatikana katika dukuliwa: hukiri kwamba aliyeathirika alishiriki, lakini haimwiti mjinga.