Unene na Aibu Yake Upande wa Taveta

Mata iko Taveta, karibu na Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Maji yanayotoka Kilimanjaro hustawisha migomba huko, lakini nyika inayoizunguka huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka. Katika nchi ya namna hii mwili uliojaa ulikuwa ghala: mwenye nao alitarajiwa kuuona msimu ujao. Njaa kali ya miaka ya 1880 iliua watu wengi milimani Taita, jirani na Taveta, na ya mwishoni mwa miaka ya 1890 ikafuata. Mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwahamishia Malindi watu wa Kasigau, huko huko Taita, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani, na wengi walifia huko. Aliyetia huruma, na wakati mwingine shaka, alikuwa aliyekonda.

Dharau kwa wanene iliandikwa na wageni. Mwaka 1861, katika ufalme wa Karagwe, magharibi mwa Ziwa Viktoria, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alimpima kwa utepe shemeji yake Mfalme Rumanika: mkono, kifua, paja. Wanawake wa jumba lile walinyweshwa maziwa mpaka wengine wakashindwa kusimama, na huo ulikuwa ufahari wa ukoo. Kitabu cha Speke, kilichotoka 1863, kiliwageuza kuwa kioja kwa wasomaji wa Ulaya. Ni udhalilishaji, hata kama mpimaji aliuita utafiti.

Taveta chakula kilibadilika pamoja na kazi. Mashamba ya mkonge, yakiwemo ya Ewart Grogan, yalileta ajira ya mshahara na posho ya unga wa mahindi, na unga ukazidi kuchukua nafasi ya ndizi na mihogo. Baadaye sukari, mafuta ya kupikia na ngano vikawa vya kila siku. Safari za miguu zilipungua bodaboda zilipoenea.

Katikati ya mabadiliko hayo ukaja UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990 kukonda kulitosha kumfanya mtu anong'onwe, na aliyenenepa aliambiwa kwa furaha kwamba amenawiri. Kwa hiyo ushauri wa kupunguza uzito uliwakuta watu waliokuwa na sababu nzito za kuuogopa.

Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani liliitisha kikao cha wataalamu kuhusu unene uliokithiri. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Lawama zikaangukia tabia ya mtu, ilhali urithi, usingizi, dawa na bei ya vyakula navyo huchangia. Abiria mnene huweza kudaiwa nauli ya viti viwili kwenye matatu. Kliniki, anayelalamikia goti huambiwa akapungue kwanza. Anayekemewa hivyo huchelewa kurudi, na kisukari au shinikizo la damu huendelea bila kutibiwa. Hata kipimo chenyewe kinaweza kumpotosha: mkanda wa shinikizo ukiwa mdogo kuliko mkono wake, huonyesha namba iliyo juu kuliko ilivyo, ndiyo maana kila chumba cha kupimia kinahitaji mkanda mkubwa.