Upangaji programu wa kitaratibu na wa kiobjekti katika mifumo endeshi ya kompyuta za mezani

Upangaji wa kitaratibu na upangaji wa kiobjekti ni njia mbili za kuandika programu ambazo zimeshindania mifumo endeshi ya kompyuta za mezani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika njia ya kwanza, programu ni funksheni zinazoitana na kufanyia kazi data iliyowekwa kando. Katika njia ya pili, data hufungwa pamoja na funksheni zake ndani ya objekti. Kila objekti ina klasi yake, na klasi moja huweza kurithi kutoka nyingine. Mashindano hayo hayakuisha kwa upande mmoja kuufuta mwingine. Kerneli za mifumo mikubwa zimebaki kuandikwa hasa kwa lugha ya C, ilhali tabaka analoliona mtumiaji, yaani madirisha, menyu na vitufe, limeelekea kwenye objekti. Historia ya mifumo hii kwa sehemu kubwa ni historia ya mpaka kati ya maeneo hayo mawili kusogezwa huku na huku.

Chimbuko

Wazo la klasi na urithi lilizaliwa Oslo. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walikuwa wakitafuta lugha ya kuigiza mienendo ya vitu halisi kama foleni na kazi za viwandani, wakaunda Simula 67. Walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili walifariki mwaka 2002.

Katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, Alan Kay, Dan Ingalls na Adele Goldberg walilikuza wazo hilo katika miaka ya 1970 kwa lugha ya Smalltalk, na hapo ndipo objekti ilipokutana na skrini ya madirisha na kipanya. Viwili hivyo vilipatana kwa urahisi. Dirisha lina hali yake (mahali lilipo, ukubwa, kilichomo) na lina tabia zake (kujichora, kusogea, kuitikia kipanya). Mzungumzaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili mdomoni mwake kila siku: kitendo ni kimoja, lakini mtu ameanguka, mti umeanguka na kikombe kimeanguka, kila jina likidai upatanisho wa ngeli yake. Vivyo hivyo amri moja ya kujichora hupelekwa kwa dirisha, kitufe au menyu, na kila kimoja huitekeleza kwa namna ya klasi yake. Anayetuma amri hahitaji kujua ni nani atakayeipokea.

Kwa upande wa kitaratibu, lugha ya C ilitengenezwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, na mwaka 1973 kerneli ya Unix iliandikwa upya kwa lugha hiyo. C haina klasi wala urithi. Ina funksheni, miundo ya data na pointa, na msimbo wake hukaribia sana kazi inayofanywa na prosesa.

Macintosh ya kwanza

Apple walikuwa wameanza kuingiza objekti kwenye kompyuta ya Lisa ya mwaka 1983 kupitia Clascal, yaani Pascal iliyoongezewa klasi. Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na RAM ya KB 128 na ROM ya KB 64 tu, na ndani ya ROM hiyo kulikuwa na Toolbox: mamia ya taratibu zilizoandikwa kwa asembli, zikiwemo zile za kuchora za QuickDraw, kazi maridadi ya Bill Atkinson. Mwandishi wa programu alitunza mzunguko wake mwenyewe: anauliza mfumo kama kuna tukio, anapima kama ni kipanya au kibodi, anatafuta dirisha lililoguswa, kisha anaita utaratibu unaofaa. Kila programu ilirudia kazi hiyohiyo tangu mwanzo. Mwaka 1985 Larry Tesler wa Apple alishirikiana na Niklaus Wirth kuunda Object Pascal, na maktaba ya MacApp ikaubeba mzunguko ule kwa niaba ya mwandishi.

Windows: objekti bila lugha ya objekti

Windows 1.0 ilitoka Novemba 1985, na taratibu zake ziliitwa kwa C. Hata hivyo muundo wake ulikuwa tayari umefuata fikra za objekti. Mwandishi alisajili "klasi" ya dirisha na kuipa anwani ya funksheni moja. Ujumbe wowote uliohusu madirisha ya klasi hiyo ulifikishwa kwenye funksheni hiyo ukiwa na namba ya utambulisho wa dirisha, namba ya ujumbe na vigezo viwili. Ujumbe ambao mwandishi hakujishughulisha nao aliukabidhi kwa funksheni ya kawaida ya mfumo, jambo ambalo ni urithi kwa maana yote isipokuwa jina. Aliyetaka kubadilisha tabia ya kitufe aliiondoa anwani ya funksheni ya kitufe hicho na kuweka ya funksheni aliyoiandika mwenyewe.

Gharama ililipwa katika usomaji. Funksheni ya dirisha ilirefuka kwa mamia ya mistari, kila ujumbe na kipande chake, na kompaila haikuweza kukagua kama vigezo vilivyopitishwa vilikuwa vya aina iliyokusudiwa. Maktaba ya MFC ya mwaka 1992 iliyafunika hayo yote kwa klasi za C++, lakini chini yake taratibu zilibaki zilezile, na bado zipo.

NeXTSTEP na urithi wake

Jaribio lililofaulu kuliko yote ni NeXTSTEP. Steve Jobs alianzisha kampuni ya NeXT mwaka 1985 baada ya kuondoka Apple, na toleo la kwanza la mfumo huo lilitoka Septemba 1989. Wahandisi wake hawakujaribu kugeuza kila kitu kuwa objekti. Chini waliweka kerneli ya Mach kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon pamoja na sehemu za BSD, zote kwa C. Juu yake waliweka maktaba za Objective-C, lugha iliyobuniwa na Brad Cox na Tom Love mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuipandikiza C njia ya Smalltalk ya kutumiana ujumbe. Uamuzi huo wa kuchora mpaka waziwazi, kila upande ukipewa lugha inayoufaa, ndio unaoeleza kwa nini msingi wa NeXTSTEP umedumu wakati mifumo iliyokuwa na malengo makubwa zaidi imesahaulika.

Objective-C hutofautiana na C++ katika jambo moja lenye uzito. Katika C++ ya kawaida, kompaila hupanga mapema nafasi ya kila funksheni pepe, yaani ile ambayo klasi inayorithi huweza kuibadilisha, ndani ya jedwali la klasi. Katika Objective-C, objekti inapopokea ujumbe ndipo jina la ujumbe hutafutwa katika klasi yake, na lisipopatikana hutafutwa kwa mzazi, hadi juu. Utafutaji huo hugharimu muda, ingawa majibu huhifadhiwa ili utafutaji wa pili uwe mwepesi. Faida yake ni kwamba klasi ya mfumo huweza kuongezewa funksheni mpya bila programu za zamani kuandaliwa upya.

Kwa msingi huo Mfaransa Jean-Marie Hullot alitengeneza Interface Builder. Mwandishi alichukua kitufe, akakiweka kwenye dirisha, kisha akavuta mstari kutoka kitufe hadi objekti ambayo ingepokea ujumbe. Zana hiyo haikuzalisha msimbo wa kuunda kitufe; iliihifadhi objekti yenyewe kwenye faili, na programu ilipofunguliwa objekti iliamshwa ikiwa na miunganisho yake yote. Urithi pia ulitumika kwa kiasi. Badala ya kuunda klasi mpya kwa kila badiliko dogo, dirisha liliteua objekti nyingine kuwa mwakilishi wake na kuiuliza, kwa mfano, kama linaruhusiwa kufungwa. Tim Berners-Lee, akiwa CERN mwaka 1990, aliandika kivinjari cha kwanza cha Wavuti kwenye kompyuta ya NeXT, na zana hizi zilimpunguzia sana kazi.

Apple walitangaza kuinunua NeXT tarehe 20 Desemba 1996 kwa zaidi ya dola milioni 400. Mpango wa kwanza uliwataka waandishi wa programu za Macintosh wahamie Objective-C. Makampuni yenye programu kubwa yalikataa, kwa kuwa yalikuwa na msimbo wa miaka mingi ulioitegemea Toolbox. Mwaka 1998 Apple wakaja na Carbon, yaani Toolbox iliyosafishwa ya taratibu za C, ikae bega kwa bega na Cocoa, jina jipya la maktaba za NeXT. Mac OS X 10.0 ilitoka tarehe 24 Machi 2001 ikiwa na zote mbili, na hata Finder, programu inayoonekana kuliko nyingine zote, ilikuwa ya Carbon hadi ilipoandikwa upya kwa Cocoa mwaka 2009. Mwaka 2007 Apple walitangaza kwamba madirisha na vitufe vya Carbon havitapelekwa kwenye biti 64. Photoshop ikalazimika kusubiri hadi toleo la CS5 la mwaka 2010 ndipo ikawa ya biti 64 kwenye Mac. Toleo la Catalina la mwaka 2019 liliacha kuendesha programu za biti 32, na Carbon ikazikwa nazo. Majina ya klasi za Cocoa bado huanza kwa herufi NS zilizotoka kwa NeXT.

Miradi iliyokwama

Taligent, kampuni iliyoundwa na Apple na IBM mwaka 1992, ilitaka mfumo mzima uwe maktaba za klasi za C++. Ilifungwa mwaka 1998. OS/2 2.0 ya IBM (1992) ilikuwa na Workplace Shell, ambamo faili, folda na printa zilikuwa objekti, na rangi iliweza kukokotwa kutoka kwenye ubao wake na kudondoshwa juu ya dirisha. GEOS ya kompyuta za PC iliandikwa kwa asembli yenye objekti.

BeOS na tatizo la klasi mzazi

BeOS, ya kampuni ya Be ya Jean-Louis Gassée, ilikuwa na kerneli ya C na maktaba za C++. Kila dirisha lilipewa uzi wake wa utendaji. Hapo ndipo udhaifu wa C++ ulipoonekana wazi: klasi mzazi ikiongezewa funksheni pepe, jedwali lake hubadilika, na programu zilizoandaliwa kabla huita funksheni isiyo sahihi. Wahandisi wa Be walitenga nafasi tupu ndani ya klasi zao kwa ajili ya matoleo yajayo. Haiku, mradi huria ulioanza mwaka 2001 kuiendeleza BeOS, bado huandaa toleo lake la biti 32 kwa kompaila ya kale ya GCC 2 ili programu za zamani zifanye kazi.

Ndani ya kerneli

Linux iliwahi kujaribu C++ mwaka 1992 na kurudi kwenye C. Muasisi wake, Linus Torvalds, amekuwa mpinzani mkali wa C++ tangu hapo. Hoja yake ni kwamba mwandishi wa kerneli lazima aone kila mgao wa kumbukumbu, na lugha hiyo huuficha. Lakini Linux imejaa objekti zilizofumwa kwa mkono. Kila faili iliyofunguliwa hubeba pointa ya jedwali la funksheni za kusoma, kuandika na nyinginezo. Mifumo ya faili na draiva mbalimbali hujaza jedwali la aina hiyo kwa funksheni zao, na kerneli huita bila kujali ni ipi. Hiyo ndiyo ngeli iliyoelezwa juu, ikiwa imeandikwa kwa C.

Windows NT ya Dave Cutler (1993) ina msimamizi wa objekti ndani ya kerneli, akitunza jina, idadi ya watumiaji na ulinzi wa kila kitu, bila urithi. Apple walithubutu zaidi: draiva za Mac OS X ziliandikwa kwa C++ iliyopunguzwa, isiyo na urithi wa wazazi wengi wala violezo.

KDE na GNOME

KDE na GNOME ni mazingira ya eneokazi yanayotumika kwenye Linux. KDE, iliyoanzishwa na Mjerumani Matthias Ettrich mwaka 1996, ilichagua Qt, maktaba ya C++ kutoka Oslo. GNOME ya mwaka 1997, ya Miguel de Icaza na Federico Mena, ilichagua GTK iliyoandikwa kwa C. Sababu kubwa ilikuwa leseni ya Qt ya wakati huo. GTK ilijijengea mfumo wa klasi uitwao GObject, na kwa kuwa C huitwa kwa urahisi kutoka lugha nyingine, maktaba zake zilitumika mapema kwa Python na Perl.

Hali ya sasa

Apple walitoa lugha ya Swift mwaka 2014, na SwiftUI ya mwaka 2019 huelezea skrini kwa miundo ya thamani badala ya klasi. Linux 6.1 ya Desemba 2022 ilipokea msimbo wa kwanza wa Rust, lugha isiyo na urithi wa klasi.