Kabla ya kuomba mkopo wa biashara ndogo: maandalizi kwa wakimbizi nchini Uganda

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi aliye Uganda kufanya kazi na biashara, na zipo taasisi za fedha zinazomkopesha. Mara nyingi mwombaji hukwama afisa wa mikopo anapomuuliza: kwa siku unabaki na shilingi ngapi?

Jibu linatoka kwenye daftari. Kwa miezi mitatu hivi, andika kila jioni mauzo, bei uliyonunulia bidhaa, nauli, kodi ya kibanda, na pesa uliyotoa kwa chakula cha nyumbani. Hiyo ya mwisho husahaulika, nayo ndiyo inayokula mtaji kimyakimya. Andika pia wateja waliokopa. Kama unauza dagaa, huenda ukaona mauzo yanapanda baada ya siku za kupokea msaada, kisha yanashuka. Ukishaujua mwendo huo, omba tarehe ya marejesho iangukie siku ambazo pesa iko mkononi.

Sasa uliza riba inahesabiwaje. Tuseme umekopa shilingi 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3 kwa mwezi, na kila mwezi unarudisha 100,000 za mkopo wenyewe. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, utalipa 18,000 kila mwezi, jumla 108,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, jumla ni 63,000 tu. Asilimia ni ileile, lakini tofauti ni shilingi 45,000. Uliza pia ada na bima: je, zinakatwa kabla hujakabidhiwa pesa?

Beba kitambulisho cha mkimbizi kinachotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Hakikisha jina lako limeandikwa vilevile kwenye usajili wa laini ya simu. Herufi moja tu inaweza kukurudisha nyumbani.

Kiwanja ulichopewa katika makazi ni cha kutumia, si cha kuuza, kwa hiyo hakiwekwi rehani. Ndiyo maana dhamana huwa mara nyingi ni kikundi: mmoja akishindwa, wengine wanamlipia. Chagua watu ambao biashara zao umeziona kwa macho. Kama mna kikundi cha akiba chenye sanduku la kufuli tatu, kitabu chake cha hisa ni ushahidi mzuri. Likelemba isiyo na maandishi haitakusaidia mbele ya afisa, hata mkiwa mmechangishana miaka mitano.

Kuhusu wakopeshaji binafsi: sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inawakataza kushika kitambulisho au kadi yako ya benki kama dhamana. Anayekudai hivyo, usimwachie, hata kama anasema ni kwa wiki moja tu.